Siku Moja Tu, Mama Yake Ni Mpiga Kura

Sanduku la kura limelala kichwa chini juu ya meza ya mwalimu. Mwanamke aliyelishika analigonga ubavuni kwa kiganja, analitikisa, kisha analisimamisha tena likiwa wazi. Anamgeukia mwanamume mwenye miwani aliyekaa dawati la mbele, magoti yamemkaribia kidevu, maana dawati ni la watoto.

"Karani, njoo. Ingiza mkono. Pita pembe zote, usiogope, halina nyoka."

Darasa linacheka. Mwanamume anaingiza mkono mpaka kiwiko, anapapasa, anautoa.

"Umekuta nini?"

"Hakuna kitu."

"Hiyo umeniambia mimi. Waambie na wale wa mlangoni."

"Sanduku halina kitu!"

"Haya. Sasa ndiyo unaweza kulifunga."

Ni asubuhi, na shule iko likizo. Ubaoni zimebaki hesabu za sehemu ambazo hakuna aliyezifuta muhula ulipoisha. Wanafunzi wa leo ni watu wazima: muuza vocha, mwalimu wa chekechea, fundi rangi, mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Wameitwa kujifunza ukarani wa vituo kwa ajili ya uchaguzi wa wabunge unaokuja.

Anayewafundisha ni msoma mita wa idara ya maji. Siku za kawaida huingia nyua za watu na tochi yake, hupiga magoti, hufunua kifuniko, huandika tarakimu na kuondoka. Mtaa mzima unamwita Dada Mita. Uchaguzi wa bunge ukifika huvaa kizibao cha Tume na kuwa msimamizi wa kituo.

Anaweka sanduku kando na kuuliza swali ambalo huanza nalo kila mafunzo.

"Nani anasimamia na kuendesha uchaguzi wa wabunge?"

"Serikali," anajibu muuza vocha.

"Hapana."

"Bunge lenyewe," anasema fundi rangi.

"Bunge likijichagua lenyewe, sisi tumekuja kufanya nini hapa? Si turudi nyumbani tukalale?"

Mama mwenye mtoto mgongoni ananyoosha mkono. "Tume ya Uchaguzi."

"Tume ya Uchaguzi. Basi." Anachukua chaki na kuandika neno hilo moja juu ya zile hesabu za sehemu. Anawaeleza kwamba Tume iko juu, na katika kila jimbo Tume imemteua msimamizi wa uchaguzi. Chini yake kuna wasimamizi wa vituo, na chini ya hao kuna makarani, ndio wao. Polisi wanalinda, mawakala wa vyama wanaangalia, mgombea anangoja kama watu wengine. Amri haitoki kwa mbunge wala kwa waziri.

"Sasa nisikilizeni," anasema. "Mtu wa kwenye foleni hajawahi kumwona mwenyekiti wa Tume, na labda hatamwona mpaka afe. Anakuona wewe. Ukimnunia, Tume imemnunia. Ukimpendelea shangazi yako, basi Tume ina shangazi."

Ndipo anawapa kanuni yake. Tangu sanduku linapofungwa mpaka matokeo yanapobandikwa mlangoni, ndani ya chumba hiki hakuna shangazi, hakuna mjomba, hakuna bosi, hakuna jirani. Kuna mpiga kura tu, na ndivyo kila mtu atakavyoitwa.

"Na mume je?" anauliza mwalimu wa chekechea.

"Mume naye ni mpiga kura."

"Wangu atafurahi. Angalau siku hiyo ataitwa jina la heshima."

Darasa linaangua kicheko. Dada Mita anacheka nao, lakini kicheko chake kinakatika mapema kuliko cha wengine. Anafuta mikono chaki, anatazama dirishani, kisha anawaambia waende mapumziko.

Mpaka Ijumaa anatakiwa kumjibu msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba ahamishwe kutoka chumba hiki, ambacho siku ya kura ndicho kituo chake, apelekwe kituo kingine chochote, hata kile cha mbali ng'ambo ya machimbo ya mawe. Bosi huyo hakupenda. Matokeo ya kituo hiki hayajawahi kupingwa na chama chochote, akamwambia, na hakuna anayependa kubadilisha kitu kinachokwenda sawa. "Fikiria vizuri, dada. Ijumaa unijibu."

Si malipo yanayomfanya asite. Posho ya uchaguzi, anasema, inatosha kununua gunia la mkaa na kulipia umeme wa mwezi mmoja, tena ikija kwa wakati. Kinachomfanya asite ni kwamba chumba hiki kilikuwa cha baba yake. Na kinachomfanya atake kuondoka ni mama yake.

Kanuni anayowafundisha makarani haimo kwenye kitabu cha maelekezo cha Tume. Ilikuwa ya baba.

Baba yake alikuwa karani wa dirisha la posta, mtu mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, aliyegonga mihuri mchana kutwa mpaka watu wakamwita Mzee Muhuri. Alisimamia kituo hiki katika chaguzi nyingi za bunge. Mwanzoni alikuwa akiwakaribisha watu kama alivyowakaribisha posta: mjomba karibu, shemeji habari za nyumbani. Uchaguzi mmoja, wakala wa mgombea aliyekuwa akielekea kushindwa alisimama na kupiga meza.

"Kama huyu ni mjomba na yule ni shemeji, mtu wangu atahesabiwa na nani humu?"

Hakuna aliyekuwa ameiba chochote. Lakini foleni ilichafuka, watu wakasukumana, na ikachukua muda kutulia. Mzee Muhuri alirudi nyumbani na maneno yale kichwani, akakaa nayo miaka. Uchaguzi uliofuata, alipovaa kizibao tu, aliacha kuwajua watu.

Fundi viatu anayekaa nyumba ya pili kutoka kwao anaikumbuka siku hiyo kama ya jana. Kibanda chake kiko kwenye kona, na anazungumza huku misumari midogo ameibana midomoni.

"Nilifika asubuhi, nikamwambia, 'Mzee wangu, umeamkaje?' Akanitazama hivi. Akasema, 'Mpiga kura, foleni inaanzia kule.' Nikasema, huyu mzee leo amepagawa! Jana yake tulikunywa chai pamoja. Viatu alivyovaa, soli nimeibandika mimi. Eti mpiga kura!"

Anatema msumari kiganjani na kuupigilia.

"Wenzangu wanaisimulia hiyo ya asubuhi, wanacheka. Mimi naipenda ya jioni."

Jioni, anasema, Mzee Muhuri alipokwisha kukabidhi sanduku na matokeo kwa msimamizi wa jimbo, alikivua kizibao, akakikunja, akakiweka kwapani. Halafu akarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima akawa anawasalimu wale wote aliowanyima salamu. Hakuwasalimu kwa salamu ya jioni. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, yeye akasema, "Shemeji, umeamkaje? Mjomba, umeamkaje? Fundi, umeamkaje wewe?"

"Nikamwambia, mzee, saa hizi? Akasema, hii ni ile ya asubuhi, nilikuwa nimekutunzia."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake. Kila siku ya uchaguzi aliondoka nyumbani kimya bila kumsemesha hata mkewe, na kila jioni akazirudisha salamu zote, moja moja, mpaka akafika uani kwake. Hapo alisimama mbele ya mlango mkubwa na kupaza sauti bila aibu: "Mke wangu, umeamkaje?"

Na kutoka ndani mkewe alijibu, "Nimeamka salama. Umechelewa njiani."

"Mtaa mzima tulikuwa tunangoja jibu hilo," anasema fundi. "Tukishalisikia, ndipo tunafunga milango. Uchaguzi umekwisha."

Binti wa Mzee Muhuri alianza kazi ya uchaguzi chini yake, kwenye meza ya wino. Siku nzima baba alimwita karani. Karani, kidole hicho hakijakolea. Karani, simama wima. Akajibu, "Ndiyo, msimamizi," huku anajiuma mdomo asicheke. Jioni walirudi pamoja, na kabla ya kugeukia kwao baba alimshika bega na kumwambia, "Mwanangu, umeamkaje?"

"Nilikuwa mtu mzima, nina kazi yangu," anasema Dada Mita. "Lakini nilitamani njia iwe ndefu."

Mzee Muhuri hakuugua muda mrefu. Siku aliyofariki, binti yake alikuwa uani kwa watu, amepiga magoti juu ya mita, simu ikaita. Aliandika tarakimu aliyokuwa ameshaisoma, akarudisha kifuniko, akakikanyaga kikae sawasawa. Ndipo akaenda. Mpaka leo hajui kwa nini aliandika kwanza. Anasema mikono ilikuwa imekwisha kuanza.

Baada ya mazishi, macho ya mama yake yakaanza kwenda. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba wamekuja wakati uliobaki ni wa kuyasindikiza tu. Mama aliacha kusoma, kisha akaacha kutambua nyuso. Mwishowe akawa anashika picha ya mumewe kwa mikono miwili na kuuliza kama kweli ni yenyewe, isije ikawa amebeba kalenda.

Kisha mbunge wa jimbo naye akafariki. Tume ikatangaza uchaguzi mdogo, na msimamizi wa jimbo akampa Dada Mita kituo cha baba yake.

"Niliamua nitafanya kama yeye," anasema. Amekaa sasa kwenye ngazi ya darasa, chupa ya maji mkononi, makarani wake wako mbali kwenye kivuli cha ukuta. "Asubuhi niliondoka bila kumsalimu mama. Nilimsikia anageuka kitandani. Nikapita."

Foleni ilikuwa ndefu na tulivu. Alikuwa amemwita kila mtu mpiga kura, hata mkuu wake wa kazi wa idara ya maji, na watu walikuwa wakitabasamu kwa sababu walimkumbuka mzee. Jua lilipokwisha kupanda, mama yake akafika mbele ya meza na fimbo yake. Fundi viatu, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alikuwa amemshika kiwiko.

"Mpiga kura, karibu. Sogea mbele kidogo."

Mama alisimama. "Nani huyo?"

"Msimamizi wa kituo."

Watu wawili watatu walicheka kidogo. Mama hakucheka.

"Sioni karatasi," alisema. "Nataka uniwekee alama."

Sheria inamruhusu mpiga kura asiyeona kuingia na mtu anayemwamini. Mtu huyo anaweza kuwa yeyote, ila asiwe msimamizi, karani wala wakala wa chama. Dada Mita alilieleza hilo polepole, kwa sauti ya kusikika, kama alivyokuwa amewaeleza wengine.

"Ninayemwamini ni wewe," alisema mama.

"Mimi siruhusiwi, mpiga kura. Chagua mwingine, hata kutoka kwenye foleni."

Mawakala walikuwa wameacha kuandika. Mmoja wao aliinama mbele. "Msimamizi, huyo si mama yako?"

"Hapa ni mpiga kura."

Fundi viatu akaona aokoe jahazi. "Mama, nitakuingiza mimi."

"Wewe? Wewe ungeniibia hata kisigino. Si utaniwekea alama kwa mtu wako!"

"Nitaweka unapotaka wewe. Ila nitakunja uso."

Chumba kizima kilicheka, hata polisi wa mlangoni. Mama alikuwa bado ameshika ukingo wa meza. Vicheko vilipoisha alisema kwa sauti ndogo, "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulivyoniita."

Dada Mita akasema tena. "Mpiga kura."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara moja. Akaiachia meza, akageuka, akapapasa mlango kwa fimbo na kutoka. Fundi alimfuata mpaka lango la shule, akakatazwa kwa mkono asiendelee. Kidole cha mama kilirudi nyumbani bila wino.

"Nikasema, anayefuata," anasema Dada Mita. "Ningefanya nini? Foleni ilikuwa imefika barabarani."

Jioni walihesabu. Karatasi zilizotolewa zikalingana na zilizokuwamo sandukuni, mawakala wakatia saini bila neno. Mshindi wa jimbo alishinda kwa wingi, na wapo watu waliomfariji kwamba kura ya mama mmoja isingebadilisha kitu. Hilo halimfariji. Kwenye fomu ya matokeo, anasema, kuna nafasi ya kura halali, kuna nafasi ya zilizoharibika. Hakuna nafasi ya mtu aliyefika mbele ya meza akaondoka.

Alikabidhi kila kitu jimboni na kurudi nyumbani amechoka, miguu imevimba. Taa za mbele zilikuwa zimezimwa. Akaingia kwa mlango wa jikoni, polepole, ili asimwamshe mama yake. Akalala na nguo zake.

Tangu siku hiyo mama yake anazungumza naye mambo ya lazima tu. Maji yamekatika? Nguo zimekauka? Mvua inakuja, ingiza kuni. Redio ikitaja Tume, anaomba ifungwe. Dada Mita ameomba radhi mara nyingi, na kila mara anapata jibu moja: "Hukukosea. Sheria ni sheria."

"Nilimwaibisha mbele ya watu," anasema. "Mama yangu mwenyewe, haoni, amesimama pale kama mgeni. Na sasa anasema huu uchaguzi mkubwa hatakwenda. Nikiwa kituo kingine atapiga kura yake bila kuniona." Anajisahihisha. "Bila kunisikia."

Ndiyo maana anataka kuhama.

Mchana, mafunzo yakiisha, nyumbani kwao ni mwendo mfupi kutoka shuleni. Ni nyumba ya matofali yenye uwanja mdogo na mita ya maji kando ya lango, kifuniko chake safi kuliko vyote mtaani. Mama amekaa kwenye kiti ndani ya mlango wa mbele, sinia la maharage mapajani. Anachambua kwa vidole. Kila jiwe analolipata analitupa nje, na kuku wanakuja kuangalia.

"Karibu," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Umekuja kuandika habari za Tume? Tume iko jikoni, inachemsha chai."

Sufuria inagonga jiko.

Ni mwanamke mcheshi, tofauti na alivyotarajiwa. Anasimulia jinsi mumewe alivyomposa dirishani posta, akijifanya stempu zimeisha ili arudi kesho. Anasimulia uchaguzi wa kwanza alioitwa mpiga kura, jinsi alivyotaka kumpiga kofi na wino wake mbichi kidoleni. "Nikasema, mwanamume huyu tumelala kitanda kimoja, leo hanijui? Nilikwenda nyumbani nimevimba. Jioni namsikia uani anapiga kelele, umeamkaje. Ningefanyaje? Nikamjibu."

Anapoulizwa kwa nini aliondoka siku ile bila kupiga kura, vidole vinaacha kuchambua.

"Watu wanasema nilikasirika," anasema. "Hata yeye anasema hivyo. Anakuja hapa ananiomba radhi kwa sababu hakuvunja sheria. Angeivunja ndiyo ningekasirika. Baba yake angefufuka."

Anamgeukia mwandishi.

"Wewe umewahi kufiwa?"

Anaambiwa ndiyo.

"Basi unajua. Sura yake nilikuwa nimeipoteza na macho yangu. Picha ninayo, lakini picha mkononi ni karatasi tu. Nilikuwa nimebakiwa na sauti, na yenyewe ilikuwa inaanza kwenda. Nalala nikitafuta alivyokuwa anasema neno hili, neno lile, siipati. Sasa nafika pale darasani, nasikia, 'Mpiga kura, karibu. Sogea mbele kidogo.' Vile vile alivyokuwa anasema mume wangu. Na kale kapumziko alikokuwa anakaweka kabla ya kusema sogea. Nikashika meza. Nikamwambia sema tena. Akasema."

Jikoni sufuria imeacha kugonga. Hata jiko halisikiki.

"Ningekaa pale ningelia mbele ya watu, na kituo kingevurugika. Nikasema, niondoke mimi. Kura ikose, lakini nirudi nyumbani nikangoje jioni. Kwa sababu ikiwa asubuhi imekuja, na jioni si itakuja? Nikanawa uso, nikavaa kitenge changu kizuri, nikakaa hapa hapa kwenye kiti hiki. Taa nilizima, mimi taa za nini? Nikangoja aniite."

Anaokota jiwe moja kwenye sinia, analigeuza kati ya vidole, halitupi.

"Nikasikia mlango wa jikoni."

Nje kuku wanaparua. Kuna mtu anapita njiani na baiskeli yenye mnyororo uliolegea.

"Sikumwambia. Ningemwambiaje? Mtu amefanya kazi siku nzima kwa haki, halafu umlaumu kwa sababu amepita polepole asikuamshe? Na neno kama hilo ukiliomba, si lenyewe tena."

Dada Mita amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai. Vikombe vinagongana kidogo kidogo. Haijulikani amesimama hapo tangu lini. Anatazama kiti, anatazama mlango wa mbele, anamtazama mama yake, ambaye amegeuza shingo kuelekea vikombe.

Anaweka sinia sakafuni. Anapita kati ya viti, anampita mama yake bila kumgusa, anatoka nje kwa mlango wa mbele mpaka uani. Kuku wanampisha. Anageuka, anasimama pale pale ambapo mtaa huu ulizoea kumwona mtu mwingine. Ni saa za mchana, jua liko juu ya paa, na jirani anayeanika nguo ameacha shati mkononi.

"Mama," anasema. Kisha anapaza sauti. "Mama yangu, umeamkaje?"

Mama haonyeshi haraka. Anatoa sinia la maharage mapajani na kuliweka chini. Anakung'uta maganda kwenye nguo yake. Anapojibu, anajibu kwa sauti inayofika kwenye kibanda cha kona, ambako nyundo ya fundi viatu imenyamaza.

"Nimeamka salama. Umechelewa njiani."

Chai ilinyweka ikiwa imepoa, na hakuna aliyelalamika. Fundi viatu alikuja na msumari bado mdomoni, akajifanya anauliza kama kuna viatu vya kushona.

Kabla jua halijashuka, Dada Mita alimpigia simu msimamizi wa jimbo. Hakungoja Ijumaa. Alimwambia kwamba atabaki na kituo chake, chumba kile kile, na kwamba makarani wako tayari isipokuwa yule wa miwani, ambaye bado anaogopa sanduku.

Mipango yake ni hiyo: kusimamia uchaguzi huu, na ujao, na mwingine, mpaka magoti yatakapokataa. Ana ombi moja analotaka Tume ilisikie. Anataka kila kituo kipewe kibao chenye matundu na maandishi ya nukta nundu, ili asiyeona ajiwekee alama mwenyewe bila kumpa mtu siri yake. Anasikia kuna mahali vimeshaanza kutumika. Mpaka vitakapofika huku, mama yake ataingia na mtu.

"Nitaingia na fundi viatu," anasema mama.

"Mama! Si ulisema ana mtu wake, wa chama kile kingine?"

"Ni wa chama kile kabisa. Ndiyo maana ataweka ninapomwambia. Akinidanganya, mimi na mtaa huu tutamtafutia fundi mwingine."

"Nilisema nitakunja uso," anakumbusha fundi.

"Kunja. Mimi siuoni."

Binti anacheka mpaka anashika ukuta. Mama anamngoja amalize, kisha ananyoosha mkono hewani mpaka anaupata mkono wake.

"Asubuhi yake usinisalimu," anamwambia. "Pita tu. Uniite mpiga kura kama wengine, na usilegeze sauti. Lakini jioni mlango wa jikoni nitaufunga kwa ufunguo. Upite mbele."